Ajabu katika Riwaya na Kijana Asiyependa Kitabu

Ni desturi ya walimu kulalamika kwamba vijana wamevikimbia vitabu. Lalamiko hilo lingefaa kupimwa kwa vitabu vyenyewe kabla ya kupimwa kwa vijana. Mtoto wa Kihoto, mtaa wa Naivasha ulioingiliwa na maji ya ziwa mwaka 2020, anajua jinsi nchi kavu inavyoweza kugeuka maji. Na huenda nyanya yake amemsimulia habari za irimu, zimwi la Wagikuyu lenye kinywa cha pili kisogoni. Msomaji wa namna hiyo hawezi kushtakiwa kwamba hana hamu ya ajabu. Linalobaki ni kujua riwaya gani ya Kiswahili itakayomshika.

Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert ina tukio lenye nguvu hiyo. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, amelala ugenini Janibu. Usiku anamwona mwenyeji wake, Adili, akiwapiga manyani wawili, na mpigaji mwenyewe hapendi kazi hiyo. Kwa nini, basi, anaifanya? Hapana kijana atakayefunga kitabu hapo. Kwa bahati mbaya, kabla ya kufika mahali hapo msomaji hupitishwa katika sifa ndefu za Mfalme Rai, naye mvivu huachia njiani. Mwalimu mwenye busara ataanza kusoma kwa sauti kwenye usiku ule wa kiboko, kisha arudi nyuma. Marehemu Shaaban asingekasirika sana. Kisa chenyewe amekichota katika Alfu Lela U Lela, ambako msimulizi alijua kwamba kumchosha msikilizaji ni kufa.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi yafaa zaidi kwa mwanzo wake. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha kumpeleka angani asirudi, naye anajifunza kukiongoza. Jina la riwaya, ambalo ni “wale ni sisi” lililofumbwa, kijana aliyezoea sheng atalifumbua upesi kuliko mhadhiri wake. Lakini chombo kikishatua, mazungumzo juu ya jamii njema yanatawala, na hatari, ambayo ndiyo iliyomvuta msomaji, inatoweka. Mawazo ya Mkangi ni mazito na yana haki ya kusikika. Kasoro ni kwamba yameachwa bila safari ya kuyabeba.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi ni fupi, na ufupi huo huwadanganya wanunuzi wa vitabu vya shule. Zinamtaka msomaji aliyekwisha kukomaa.

Tatizo la msamiati hutajwa mno. Kijana huvumilia neno geni la Shaaban Robert iwapo manyani wangali wanapigwa. Asichokivumilia ni kukatizwa kila ukurasa aulizwe amejifunza nini. Darasa linaloachwa kwenye swali la Ikibali, bila zoezi la ufahamu, litauliza lenyewe kitabu kiko wapi.