Mlima Uliojificha: Ushairi wa Sala na Macho ya Kuazima

Tuanze kwa uchokozi kidogo. Hivi ni nani kati yetu, vijana tunaoshika kalamu hapa Moshi, amewahi kuandika shairi la kumsifu Mungu kwa ajili ya Mlima Kilimanjaro, halafu katika shairi hilo mlima ukawa hauonekani? Mikono itakayonyooshwa ni ya kuhesabu. Katika mashairi yetu Kibo kiko wazi saa zote. Theluji inameta, anga ni buluu, ndege wanaimba (ndege gani, hatuambiwi), na mshairi anapiga magoti.

Ndugu msomaji, mkazi yeyote wa Pasua au Kiboriloni anajua kuwa hiyo ni kalenda ya ukutani. Mlima wenyewe hujitokeza alfajiri, jua likishapanda unajivutia shuka la mawingu, na ukiwa na bahati unauona tena jioni. Ukifika wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, siku kadhaa zinaweza kupita bila kuuona kabisa. Sasa mtu anayemtafuta Mungu mlimani na hajagundua hata hilo, tumwamini vipi akituambia mambo makubwa zaidi? Nasema mashairi haya yanachemsha mara mbili, yanachemsha kama ushairi na yanachemsha kama sala, na sababu ni ileile moja: mtunzi hakutazama.

Macho haya tumeyaazima wapi? Sehemu moja ni kanisani. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Machame mwaka 1893, na Walutheri wa hapa wamelelewa kwa nyimbo nyingi zenye asili ya Kijerumani. Kule Ulaya kuna desturi ya zamani ya tafakari ya kiangazi. Baridi na giza vikishapita, Mkristo anatoka nje, anatembea bustanini taratibu, na kila anachokiona kinampeleka kwa Muumba. Shairi maarufu la desturi hiyo liliandikwa na mchungaji Paul Gerhardt, likatoka mwaka 1653, miaka mitano tu baada ya kumalizika kwa ile Vita ya Miaka Thelathini iliyoiacha Ujerumani hoi.

Shairi hilo lina beti 15, na ukilisoma kihakiki utaona siri yake. Gerhardt hasemi “ndege” akaishia hapo. Anamtaja kipozamataza, njiwa, korongo, mbayuwayu, na kuku na vifaranga vyake. Anataja nyuki, kijito, ngano na mizabibu. Akishahesabu vya kutosha ndipo anageukia moyo wake na kusema kuwa yeye naye hawezi kunyamaza. Imani katika shairi hilo inakuja baada ya hesabu. Mtu ametoka vitani, ameona mashamba yamelimwa tena, na anashukuru kwa kitu anachokijua kwa jina.

Sisi tumechukua kiangazi chake tukaacha macho yake. Ndiyo maana unakuta kijana wa Moshi, mwezi Juni, amevaa sweta na pumzi inamtoka kama moshi wa kuni mbichi, anaandika kuhusu jua la kiangazi linalochangamsha maua. Bwana wee! Juni ya Gerhardt na Juni ya Marangu ni ndugu wa majina tu. Kiangazi chetu ni Januari na Februari, vumbi la mjini na joto la kuchosha. Na kipupwe chetu nacho kina utajiri wake: ukungu unaoshuka hadi migombani, buni zinazoanza kuwa nyekundu, maji ya mfongo yanayopita kihambani asubuhi yakiwa ya baridi kiasi cha kuumiza vidole, na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akining'inia kwenye ua la mgomba. Kwani chozi hana haki ya kuingia kwenye sala?

Wapo watakaonijibu kwamba shairi la sala ni la moyo, si somo la jiografia. Nawaomba wafungue Zaburi ya 104. Mtunzi yule anajua chemchemi zinapita wapi kati ya milima, ndege gani hujenga kwenye mti gani, simba hutoka saa ngapi na mkulima hurudi nyumbani saa ngapi. Anamtaja mpaka wibari, mnyama mdogo wa kwenye miamba ambaye wengi wetu tunamwita pimbi na kumfanyia utani. Huku kwetu ndugu yake wibari anaishi kwenye miti ya msitu wa Kilimanjaro, na usiku hupiga kelele za kumtoa mgeni usingizini. Mtunzi wa Zaburi asingemwacha huyo. Sisi tumemwacha kwa sababu hapendezi kwenye kalenda.

Wengine wataogopa upande wa pili: eti ukiutazama mlima sana utaanza kuuabudu. Hofu hiyo ina mizizi. Katika Kichaga neno Ruwa ni Mungu na pia ni jua, na wapo waliodhani kwamba ni lazima imani mpya ifute kila kitu cha kale. Lakini Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi miaka mingi Old Moshi kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, alikaa na wazee akaandika mafundisho yao mabuku kwa mabuku. Aliona kwamba sale, jani la kawaida la mpakani, likipelekwa kwa mtu uliyemkosea ni ombi la msamaha lisilokataliwa kirahisi. Kumbe mmea wa uani unaweza kubeba habari ya upatanisho! Na ile Zaburi ya 121 tunayoikimbilia kila tukiona mlima, isomeni taratibu. Mwimbaji anainua macho kuelekea milimani, ndiyo, ila anauliza msaada utoke wapi, na jibu lake linapita juu ya milima mpaka kwa aliyeifanya. Anayesoma fasta anaishia kwenye mlima.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Tafakari si starehe ya mwenye afya na nafasi. Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitunga utenzi wake wa kuusifu uumbaji mnamo 1225, akiwa mgonjwa na macho yake karibu yamepofuka. Alilisifu jua wakati mwanga wenyewe ulikuwa unamtesa. Wafuasi wake Wakapuchini wako hapa kwetu, Maua, upande wa Kilema, na Papa Fransisko alichukua maneno ya utenzi huo kuwa jina la waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu mazingira, Laudato Si'. Ukijua hali aliyokuwa nayo mtunzi, sifa zile zinakuwa na uzito mwingine kabisa. Mashairi yetu mengi hayana gharama yoyote ndani yake.

Na gharama ipo, tena inaonekana kwa macho. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la mimea juu mlimani. Msitu nao uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, kwa hiyo mama wa kijijini anayetafuta majani ya ng'ombe anauangalia msitu uleule kwa hesabu tofauti na mtalii. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana kama askofu wa miti kwa kuhimiza upandaji. Mtu anayeandika leo “theluji ya milele” anaongopa kwenye sala, na msamiati mzuri hauwezi kumwokoa.

Niongeze kisa kimoja cha historia. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu kwa mbali, kileleni kukiwa na kitu cheupe. Alimuuliza kiongozi wa msafara ni nini kile. Yule mtu hakuwa na neno la theluji, akajibu tu: baridi. Rebmann aliporipoti theluji karibu na ikweta, mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekuwa amekaa zake London, alikataa katakata. Mnawaona watu watatu hao? Mmoja ana jina sahihi, mmoja ana vitabu, na mmoja ana neno linalotoka kwenye ngozi. Kama ningeambiwa nichague mshairi kati yao, ningemchukua yule kiongozi.

Basi nitoe zoezi, maana uhakiki usio na msaada ni majungu. Chagua sehemu moja: msitu wa Rau hapo jirani na mji, kingo za mto Karanga, hata chini ya mti mmoja uani kwenu. Kaa saa nzima bila kalamu na bila simu. Kama unasali, sali kwa kunyamaza. Rudi kesho saa ileile, na keshokutwa. Siku ya nne andika vitu kumi ulivyoviona kwa majina yake, na usipolijua jina kaulize kwa bibi au babu. Maneno “mandhari”, “maajabu” na “uzuri” yapige marufuku mpaka rasimu ya tatu. Jina la Mungu liingie pale litakapokuwa limekulazimisha, kama lilivyomlazimisha Gerhardt baada ya kuku na vifaranga.

Na mkianza, anzeni na siku ambayo Kibo hakikuonekana. Mkulima wa Kibosho siku hiyo alipalilia kahawa yake kama kawaida, akiwa na hakika kwamba mlima uko palepale nyuma ya wingu. Hilo shairi bado hatujaliandika.