Samaki Aliyekauka: Sanaa ya Silika na Wanaoanza Ukubwani

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu methali isemayo "Samaki mkunje angali mbichi." Ni methali nzuri kwa malezi, lakini ikifanywa kanuni ya elimu yote humfungia mlango mtu mzima. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba historia ya sanaa ya Afrika Mashariki haikubaliani nayo, na kwamba baadhi ya wahakiki wameififisha historia hiyo kwa kutumia istilahi wasiyoipima.

Istilahi yenyewe ni "sanaa ya silika", yaani kazi ya mtu ambaye hakupita chuo cha sanaa bali hufuata anachokihisi. Lakini silika kwa Kiswahili ni tabia ya kuzaliwa nayo. Kusema kwamba mtu wa miaka hamsini anachora kwa silika ni kuifuta ile miaka hamsini. Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaoitumia istilahi hii kama sifa.

Tuanze na Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam alikofanya vibarua mbalimbali. Alianza uchoraji wake unaojulikana mwaka 1968, akiwa na miaka 36 hivi. Hakusomea uchoraji, alitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao mwepesi. Hata hivyo, tukizitazama kazi zake tunaona utaratibu: mnyama mmoja hujaza karibu mraba wote, nyuma yake huachwa tambarare, na madoa hupangwa kwa mizani. Huo ni utaratibu wa mtu aliyezoea kufanya kazi kwa vifaa vichache bila kuvipoteza. Baada ya kifo chake mwaka 1972, wafuasi wake waliendeleza mtindo huo. Wapo waliouongezea mengi, na wapo waliotoa nakala za nakala kwa ajili ya watalii. Kule kunakilika kwenyewe ni ushahidi kwamba kazi ile ilikuwa na sarufi.

Mfano wa pili unaitatiza istilahi zaidi. Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928, alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa mwalimu kwa miaka mingi. Aliirudia sanaa kwa dhati katika miaka ya 1980, akikaribia sitini. Alikata karatasi za vifungashio vya sabuni na unga, akazigandisha kuwa picha za wanyama na maisha ya kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York. Je, huyu tumwite msanii wa shule au wa silika? Istilahi haina jibu, kwa sababu inauliza mtu alisoma wapi badala ya kuuliza ameishi vipi na mkono wake umejua nini.

Suala hili si la madarasani tu. Huko Malawi, kambi ya Dzaleka iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza ina makumi ya maelfu ya watu, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zao za kila siku. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa humo mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes la Plume, limewapa wasanii jukwaa. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Tumfikirie mama wa makamo aliyekuwa na kibanda cha biashara katika mtaa kama Chinsapo, Lilongwe. Siku akishika brashi kwa mara ya kwanza, mtazamaji atataka kuona machozi yake tu. Akichora kuku, kanga au mizani ya dukani, ataambiwa hajajieleza. Huu ni uhakiki dhaifu, kwani humnyima msanii haki ya kuchagua anachokisema.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi "sanaa ya silika" itumike kwa tahadhari, "sanaa ya uzoefu" inakaribia ukweli zaidi, na inaafikiana na methali nyingine tunayoifundisha mara chache: "Kuishi kwingi ni kuona mengi." Pili, wenzetu wanaofundisha insha katika madarasa ya watu wazima wasimpe kila mkimbizi mada ya "Safari Yangu". Wampe karatasi, muda na uhuru wa kuchagua mada, kisha waisome kazi yake kwa ukali uleule wanaoutumia kwa mshairi yeyote: palipolegea waseme pamelegea, na palipokaza waseme kwa nini. Heshima ya mwanafunzi mwenye mvi imo katika kusomwa hivyo.