Misukumo Mitatu, Misukumo Tisini na Saba

Likizo ya Agosti iliyopita niliipitisha Kendu Bay nikiwa na kazi moja niliyoidhania ya jioni mbili: kuchagua mafumbo 40 ya mchezo wa kusukuma masanduku, kuyapanga kuanzia jepesi hadi gumu, na kuyatia katika mkusanyiko mmoja wa watoto wa jirani. Kazi ilikula likizo nzima. Nitaeleza jinsi mpangilio ulivyofanyika, na zaidi pale ulipobomoka, maana hapo ndipo nilipojifunza kitu.

Mchezo wenyewe ni Sokoban. Aliubuni Mjapani Hiroyuki Imabayashi, ukatolewa mwaka 1982 na kampuni ya Thinking Rabbit, na jina lake kwa Kijapani ni mtunza ghala. Sheria zake unaweza kumwambia mtu mkiwa mnavuka barabara. Uko ndani ya stoo. Unasukuma sanduku moja kwa mara moja, huwezi kulivuta, na mwishowe kila sanduku lazima likae juu ya alama. Likishaingia kona isiyo na alama, basi. Watoto walilipatia hali hiyo neno lake siku ya kwanza, kwa Kijaluo: "Omoko!" Limekwama.

Mashabiki wametunga mafumbo ya mchezo huu kwa maelfu. Mkusanyiko maarufu kwa wanaoanza ni Microban, alioutunga David W. Skinner mwaka 2000, wenye mafumbo 155, mengi yakiwa madogo na kila moja likiwa na wazo lake. Mwenyewe aliruhusu yasambazwe bure mradi jina la mtunzi libaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa malighafi yangu, nikaongezea machache ya watunzi wengine.

Nilianza kama mwalimu yeyote wa hisabati angeanza, kwa kuhesabu. Kila fumbo lina idadi ndogo kabisa ya misukumo inayohitajika kulimaliza. Nikayapanga kwa idadi hiyo, la misukumo michache mbele, la mingi nyuma, nikalala usingizi mzuri. Kesho yake msichana wa darasa la sita akakaa na fumbo la kwanza kwa muda mrefu, akaligeuza, akakwama, akaanza upya, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Mwalimu, umeanzia nyuma?"

Fumbo alilokuwa nalo ni la pili katika Microban. Lina masanduku matatu na alama tatu. Masanduku mawili yameshakaa juu ya alama, na la tatu liko nje, nafasi moja tu juu ya alama iliyo wazi. Kwa macho, kazi imebaki ya msukumo mmoja wa kwenda chini. Lakini juu ya sanduku hilo pana ukuta, huna pa kusimama ulisukume. Jibu ni kuyasogeza yote matatu: la chini kulia lisukumwe kushoto likaijaze ile alama iliyo wazi, la juu yake lishuke mahali lilipotoka la kwanza, na lile lililokuwa nje liingie pembeni mahali lilipotoka la pili. Kila moja linasogea nafasi moja, kama abiria wa matatu wanaojibana ili wa mlangoni apate kukalia. Misukumo 3, hatua 16. Ni vigumu kupata fumbo fupi kuliko hilo, na mtoto mwerevu limemkalisha.

Nikarudi kulitazama la kwanza la Microban, ambalo kwa hesabu yangu lilikuwa nafasi chache baada ya hilo. Stoo yake ni ujia wa upana wa nafasi mbili, na kibaraza kidogo kimechomoza upande wa kulia. Masanduku ni mawili tu. Moja limetulia juu ya alama yake kando ya ukuta wa kushoto. La pili liko kibarazani, na alama yake iko juu kabisa, kwenye kona. Ukilileta la pili kushoto unajikuta umejifungia: unataka kupita chini yake ulipandishe, na njia imezibwa na lile ambalo tayari lilikuwa mahali pake. Kwa hiyo hilo lililotulia litangulie kusukumwa juu nafasi moja. Kisha la pili liletwe kushoto, lipandishwe mara moja, halafu lirudishwe kulia kwenye kibaraza, mbali na alama lilikokuwa linaelekea. Hapo ndipo unapata nafasi ya kupita juu na kulishusha la kwanza mahali pake. Ndipo la pili linaletwa tena kushoto na kupandishwa mara mbili hadi konani. Misukumo 8, hatua 33.

Sasa liweke kando ya fumbo la kwanza la mchezo asilia wa 1982. Lile lina masanduku sita yanayosafirishwa hadi mwisho wa kulia wa ghala, na linataka misukumo 97 na hatua 230. Ukishaona sanduku la kwanza linavyopita kwenye ujia, yaliyobaki ni kazi ya hamali. Jasho lipo, fumbo hakuna. Watoto walilimaliza wakipiga soga.

Tofauti hii ina jina zuri zaidi kuliko urefu. Katika mafumbo mawili ya Skinner, mchezaji analazimika kuharibu kilichokwisha kutengenea. Lazima aondoe sanduku juu ya alama, au alipeleke mbali na linakotakiwa. Mkono unakataa. Petr Jarušek na Radek Pelánek wa Chuo Kikuu cha Masaryk, mjini Brno, Jamhuri ya Cheki, walilifanyia jambo hili utafiti wa kweli mwanzoni mwa miaka ya 2010. Walikusanya majaribio ya watu wengi kwa mafumbo yenye ukubwa unaokaribiana, wakakuta muda wa kuyafumbua ukipishana zaidi ya mara kumi. Urefu wa jibu haukutosha kueleza tofauti hiyo, wala wingi wa hali ambazo fumbo linaweza kuingia. Kilichosaidia zaidi ni kuuliza kama fumbo linagawanyika. Je, unaweza kumaliza sanduku moja, ukalisahau, ukaenda kwa lingine? Kama yameshikamana kiasi kwamba huwezi kugusa moja bila kuliwaza jingine, jiandae kukesha.

Hata mashine haziwezi kukupangia. Kuna mafumbo 90 ya mkusanyiko uitwao XSokoban ambayo kwa miaka mingi yalikuwa mtihani wa programu za kufumbua, na hakuna programu iliyoyamaliza yote hadi mwaka 2020, ilipofika Festival ya Yaron Shoham. Binadamu walikuwa wameshayafumbua zamani, kwa penseli na subira. Kinachoitesa kompyuta na kinachomtesa mtoto wa darasa la sita ni vitu viwili.

Basi nikaacha kuhesabu, nikaanza kutazama watu. Hapa nikaingia mtego wa pili, ambao nadhani ni mbaya zaidi kwa kuwa unafanana na sayansi. Niliandika muda wa kila mtoto kwa kila fumbo, nikachukua wastani. Wastani ukaniambia mafumbo ya mwishoni ni mepesi kuliko ya katikati! Sababu ilinijia nikiwa njiani kwenda gatini kununua samaki: waliofika mwishoni walikuwa wale wakali tu. Waliochoka walikomea katikati, na muda wao haukuingia kwenye hesabu ya mwisho. Nilikuwa nawapima wachezaji nikidhani napima mafumbo.

Dawa yake inajulikana kwenye sataranji. Tovuti ya Lichess hulichukulia kila jaribio la fumbo kama mechi kati ya mchezaji na fumbo. Ukilifumbua, alama zako zinapanda na zake zinashuka. Likikushinda, ni kinyume chake. Fumbo linaloangusha wachezaji hodari linapanda hata kama waliolijaribu ni wachache. Kwa watoto wachache nisingeweza kuendesha hesabu hiyo sawasawa, ila niliazima wazo lake: nikawapa mafumbo bila mpangilio, kila mmoja kwa zamu yake tofauti, na nikaandika nani kashindwa na nini badala ya nani katumia dakika ngapi.

Wenye uzoefu mkubwa zaidi wa kazi hii, kwa maoni yangu, ni mashabiki wa mchezo mwingine, Chip's Challenge, aliouunda Chuck Sommerville kwa mashine ya Atari Lynx mwaka 1989. Toleo la Windows lina mafumbo 149, na mashabiki wametoa mikusanyiko yao yenye mafumbo 149 vilevile: CCLP2 mwaka 2002, CCLP3 mwaka 2010, CCLP1 mwaka 2014, CCLP4 mwaka 2017. Namba 1 ilizaliwa baada ya 2 na 3. Seti asilia ilikuwa na haki miliki na mashabiki hawakuweza kuigawa bure, na mikusanyiko miwili iliyotangulia ilikuwa mizito kwa mgeni, hivyo wakatengeneza mwanzo baada ya kutengeneza mwendelezo. Nilicheka nilipolifahamu hilo, kisha nikakumbuka msichana wangu na swali lake la kuanzia nyuma.

Kazi yao ina shida ambayo Sokoban haina. Katika Chip's Challenge fumbo linaweza kuwa gumu kwa akili, au gumu kwa vidole, kwa sababu saa inakimbia na majini yanakufukuza. Linaweza hata kuwa gumu kwa bahati, kwa sababu kuna viumbe vinavyotembea ovyo bila utaratibu. Utaliwekaje fumbo la vidole kando ya fumbo la akili katika mstari mmoja? Ukilazimisha, mstari wako ni rula ya kupimia uzito.

Nilidhani mimi nimeepuka balaa hilo, hadi umeme ulipokatika. Watoto wakachora stoo kwenye maboksi ya kadibodi, masanduku yakawa vizibo vya soda, wakachuchumaa chini kama watu wanaocheza bao la ajua. Mpangilio wangu ukavurugika tena. Kwenye kompyuta kuna kitufe cha kurudi nyuma. Unajaribu, unakosea, unarudi. Kwenye kadibodi, ukikwama, lazima ukumbuke kila kizibo kilianzia wapi. Fumbo refu jepesi, lile la hamali, likawa gumu ghafla kwa sababu ya kumbukumbu. Lile la misukumo mitatu likawa afadhali kidogo, maana kizibo unaweza kukigusa kwa kidole na kuwaza, na hakuna kitu cha kuvuruga.

Niliishia na utaratibu ambao hauna namba moja. Kila fumbo niliandika pembeni yake linadai mchezaji awe tayari anajua nini: kona inaua, masanduku mawili yakibanana ukutani yanakufa, sanduku juu ya alama linaruhusiwa kuondoka. Fumbo linalodai kitu haliji kabla ya lile linalokifundisha. Baada ya hapo tu ndipo rekodi ya nani kashindwa na nini iliamua lipi litangulie. Na sikupandisha mfululizo. Kila karatasi ya hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina maswali 16 ya lazima katika sehemu ya kwanza, kisha 8 ambayo mtahiniwa anachagua 5, na kila mwalimu amewahi kuona mwanafunzi akiliangukia swali zito mapema, akatetemeka hadi karatasi ikaisha. Kwa hiyo baada ya kila fumbo zito nimeweka moja la kupumulia. Lililo gumu kuliko yote liko nafasi ya 37.

Fumbo la abiria wa matatu sasa ni la 15, baada ya mafumbo matatu yanayomzoesha mchezaji kung'oa sanduku juu ya alama bila kuogopa. Lile la kibaraza ni la 21. Skinner aliyaweka la pili na la kwanza, na sisemi alikosea, kwa kuwa mtu mzima anayefungua mkusanyiko akiwa peke yake anaweza kupenda kutekenywa mlangoni. Watoto wanaocheza watano kwa kompyuta moja, wakichekana, hawapendi.

Limebaki fumbo moja tu ambalo sijalipatia mahali. Kila mtoto aliyelijaribu ama alilimaliza papo hapo au hakulimaliza kabisa, hakuna wa katikati, na waliolimaliza hawakuwa wale wakali. Nimelihamisha mara nne. Kwa sasa liko nafasi ya 29.