Kazi Mbili Ndani ya Kikapu Kimoja

"Mama, mwisho ngapi?"

Swali hilo utalisikia kule Turkana, Kenya: Lodwar nje ya hoteli, Kakuma kando ya barabara kuu, na Lokiriama kila Septemba watu wanapokusanyika kukumbuka mapatano ya 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa upande wa Uganda. Mama ameshika kikapu cha mkoma. Amesema 1,500. Mnunuzi ametaja 700. Wanavutana, wanacheka, wanakutana kwenye noti moja ya 1,000, na kila mmoja anaondoka akiamini kwamba amempiga mwenzake bei.

Hebu tukifungue kikapu hicho tuone nani alimpiga nani.

Saa zinazofichwa na mikono

Mkoma, ambao Waturkana huuita eng'ol, hustawi kando ya mito kama Turkwel. Majani machanga hukatwa, hukaushwa, hupasuliwa kuwa nyuzi, kisha hulowekwa ili yasikatike. Mengine hutiwa rangi. Kitako huanza na kifundo kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kuanzia hapo msusi huzungusha: sindano hutoboa mzunguko uliotangulia, uzi wa jani hupita, huvutwa, hukazwa. Mizunguko ya kitako huisha upesi. Ya tumboni ni mirefu mara kadhaa, na hapo ndipo saa zinapopotelea bila mtu kuziona.

Hazionekani kwa sababu mama hasuki kwa mkupuo. Anasuka huku anachunga sufuria, ananyonyesha, anafukuza mbuzi. Ukimuuliza kikapu kilichukua muda gani, atakujibu "siku tatu", na hiyo siyo hesabu ya kazi. Dawa yake ni simu. Awashe saa anapokishika kikapu, aizime anapokiweka chini. Afanye hivyo kwa vikapu vitatu vya ukubwa mmoja, kisha atafute wastani. Bila namba hiyo, mazungumzo yote ya bei ni kubahatisha.

Tuseme wastani umetoka saa 10 za kazi: mbili za kuandaa nyuzi, nane za kusuka. Tuseme pia kibarua wa mjengo mjini analipwa 480 kwa siku ya saa 8, yaani shilingi 60 kwa saa. Hizi ni namba za mfano. Kila kikundi cha wasusi kiweke zake. Mantiki haibadiliki:

Majani, rangi na kuchakaa kwa sindano: 120.
Saa 10 kwa 60: 600.
Jumla ya kwanza: 720.
Gharama za kikundi (nauli, stoo, simu, makato ya M-Pesa, vikapu vilivyoharibika), asilimia 15: 108.
Jumla ya pili: 828.
Faida ya kikundi, ya kununulia majani ya msimu ujao: 122.
Bei: 950.

Hii 950 ni bei ya jumla. Wengi huishangaa, kwa kuwa wamezoea kudhani bei ya jumla ni bei ya rejareja iliyonyolewa. Ni kinyume chake. Bei ya jumla ndiyo ya kwanza kujengwa, na ndani yake kazi ya kutengeneza iwe imeshalipwa yote, hadi saa ya mwisho. Ya rejareja hujengwa juu yake, kwa sababu kuuza nako ni kazi, na ina mshahara wake.

Rudi sasa kwa mama wa noti ya 1,000. Ukitoa 950, alilipwa shilingi 50 kwa kukaa juani tangu asubuhi, kuita wateja, kukunjua bidhaa na kuikunja, na kujibu "mwisho ngapi" mara thelathini. Alifanya kazi mbili, akalipwa moja.

Ile nusu nyingine inakwenda wapi?

Wauzaji wa bidhaa za mikono katika nchi nyingi hutumia kanuni moja nyepesi: chukua bei ya jumla, zidisha kwa mbili. Kikapu cha 950 kikifika dukani Nairobi kitaandikwa 1,900. Hapo ndipo lawama huanza: "Mwenye duka anatunyonya. Hakusuka hata mzunguko mmoja."

Tumfungue naye. Ikiwa duka limesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 imo ndani ya 1,900. Hiyo ni 262. Na kwa kuwa kikundi cha kina mama kwa kawaida hakifikii mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka yanayolazimisha usajili, duka halina kodi ya manunuzi ya kudai kwenye kikapu hicho. 262 yote inatoka kwenye sehemu yake. Zimebaki 1,638. Toa 950 ya jumla: 688. Humo ndimo zitoke nauli ya mzigo kutoka Lodwar, kodi ya chumba, mshahara wa muuzaji, na vile vikapu vitakavyokaa rafuni miezi sita vikipauka rangi. Anapata faida, ndiyo. Lakini anailipia.

Mpango huu wa kutenganisha kazi mbili si mgeni Kenya. Ushirika wa Akamba Handicraft wa Changamwe, Mombasa, ulioanzishwa 1963, umeujenga kwenye mfumo wake: mchongaji ana nambari yake, kinyago kinabeba nambari hiyo na bei, na kikiuzwa ushirika unakata kamisheni yake ya kuuza. Mchongaji anajua ni kipi cha mkono wake na ni kipi cha duka.

Kakuma mambo yamekaza zaidi. Kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992 ina soko lake kubwa. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000. Mama wa Sudan Kusini anayedarizi milaya, yale mashuka ya maua, ana wateja majirani: harusi ipo, mgeni yupo, kitanda kinataka kupambwa. Hapo anauza rejareja mwenyewe. Lakini mteja wa Nairobi, mama huyo hawezi kumfuata apendapo, kwa kuwa mkimbizi anahitaji kibali ili kutoka kambini. Kazi ya kuuza mbali imefungwa kwake na sheria, hata kama ana ulimi wa asali.

Ndiyo maana UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipozindua mpango wa MADE51 mwaka 2018 (51 ni kumbukumbu ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951), haikujigeuza duka. Iliwaunganisha mafundi wakimbizi na kampuni za kijamii za nchi wanamoishi. Kenya mojawapo ni Bawa Hope. Kampuni inabuni pamoja na fundi, inapiga hesabu ya gharama, inasafirisha, inatafuta mnunuzi. Kuna watakaosema fundi amepewa dalali. Dalali ni yule anayechukua sehemu ya kuuza na kuimega pia ya kutengeneza. Anayechukua ya kuuza pekee, akaacha ile 720 kamili mikononi mwa fundi, ni mfanyakazi mwenzake.

"Nachukua mia, nipunguzie"

Mtego mkubwa wa bei ya jumla upo hapa. Mnunuzi wa vikapu 100 anataka kila kimoja 600, akisema mzigo ni mkubwa. Kwa sabuni ya kiwandani ana haki: mashine ikishawashwa, kipande cha mia ni rahisi kuliko cha kwanza. Mikono haiko hivyo. Kikapu cha mia kinakula saa 10 zilezile, na vidole vimechoka zaidi. Kwenye 600 majani ni 120, kwa hiyo zimebaki 480 kwa saa 10: shilingi 48 kwa saa, na kikundi hakijapata hata nauli. Msusi amemchangia mnunuzi.

Je, hakuna cha kupunguza? Kipo, ila kitoke kwenye kile ambacho wingi unakipunguza kweli. Safari moja badala ya kumi, malipo ya mara moja badala ya mia, simu chache. Hayo yanakaa kwenye ile 108 ya kikundi. Kupunguza 50 kwa kikapu, bei ikawa 900, kunaelezeka. Kushuka chini ya 828 ni kula mtaji. Kushuka chini ya 720 ni kula saa za mwenzako.

Mnunuzi akisema hana bajeti ya 900, jibu la fundi mzuri ni kupunguza kikapu, si ujira: mizunguko michache, rangi moja badala ya tatu, kisiwe na mfuniko.

Suala la lini pesa inaingia lina uzito sawa na la kiasi. Baadhi ya biashara huendeshwa kwa mali kauli: chukua, uza, utanilipa. Kwa kikapu kimoja ni urafiki. Kwa mia ni kikundi kumkopesha mwenye duka 95,000 bila riba, huku majani na rangi vimenunuliwa taslimu. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, zinataka mnunuzi wa bidhaa za mikono atangulize angalau asilimia 50, bila riba, fundi akiomba. Asiyetaka kutanguliza na achukue kwa mali kauli, lakini bei isiwe 950 tena. Ipande, kwa kuwa hatari ya kutouzika imebaki kwa msusi.

Halafu kuna dola. Tuseme kikundi kilikubaliana na mnunuzi wa ng'ambo Januari 2024 kwa dola 6. Wakati huo dola ilikuwa karibu shilingi 160, kwa hiyo kikapu kilileta 960, na kina mama wakapiga vigelegele. Katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Dola 6 zilezile zikawa 774. Hakuna aliyedhulumu, hakuna aliyekawiza mzigo, na bado bei ilikuwa imeteremka chini ya 828. Mkataba wa dola uandikwe na kiwango cha kubadilishia, au uwe mfupi.

Bei mbili zisipigane

Kosa la mwisho hufanyika kwa moyo mweupe. Kikundi kinauzia duka la Nairobi kwa 950, kisha mwanakikundi anamuuzia mgeni wa tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar kikapu kilekile kwa 1,000. Mgeni anarudi Nairobi, anakiona dukani kwa 1,900, anapiga picha, anamtumia rafiki. Mwenye duka akiiona picha hiyo hataagiza tena, na ana sababu. Msusi amekuwa mshindani wa mteja wake mwenyewe.

Anayeuza mwenyewe aanzie bei ya rejareja, 1,900. Yeye hana kodi ya chumba cha Nairobi, kwa hiyo ana nafasi ya kupatana. Akishuka hadi 1,600 bado kazi ya kuuza imemlipa 650. Kupatana bei ni desturi yetu wala si dhambi, mradi kunakopunguzwa ni kwenye sehemu ya kuuza.

Utasema: Lokiriama nani atatoa 1,600? Mfugaji aliyekuja na mbuzi wawili? Mmatheniko aliyevuka na shilingi za Uganda? Pengine hakuna, na ndiyo sababu kikapu hicho hakikupaswa kupelekwa pale. Kiende kwa mnunuzi wake. Lokiriama kiletwe kidogo: majani 60, saa tano za kazi 300, asilimia 15 ya kikundi 54, faida 61. Jumla 475, rejareja 950.

Basi turudi Lokiriama, Septemba. Mnunuzi ananyanyua kikapu kikubwa cha mfano, anakigeuza, anauliza mwisho ngapi. "Hicho 1,900, mwanangu. Ukiwa na elfu, hiki hapa." Anampa kile kidogo. Noti ya 1,000 inabadilisha mikono kama mwaka jana, ila safari hii mama anafungua kitambaa chake na kumrudishia hamsini.