Vitufe vitatu na gitaa lisilosikika: tunanakili saketi, tunaacha sababu zake

Kazi yangu ni kurekodi sauti za vyura chini ya milima ya Udzungwa. Kwa hiyo pale Kisawasawa watu wanaamini naelewa kila kitu chenye spika. Mzee mmoja, fundi redio, ananiita "dokta" ingawa nina uzamili tu. Nimeshachoka kumrekebisha.

Jumamosi moja aliniita nikasikilize amplifaya ya gitaa la kwaya aliyoitengeneza mwenyewe. Transfoma na valvu kazitoa kwenye redio kuukuu ya mezani. Kwa wadogo zetu ambao hawajaziona, valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyokuza sauti kabla ya transista kuenea. Yake ina ECC83 moja mwanzoni na EL84 moja mwishoni, yaani kama wati tano hivi. Lehemu ni safi, waya zimenyooka, hakuna mvumo hata kidogo. Kwa ufundi wa mikono nampa alama zote.

Shida ilianza kwaya ilipoimba. Vidole vya mpiga gitaa unaviona vinatembea, ila gitaa hulisikii. Sasa wanakwaya wameanza kuchangishana pesa za mpunga wanunue amplifaya kubwa zaidi. Ninachotaka kusema ni kwamba wasinunue kwanza. Nguvu ipo, ila inaliwa njiani na saketi ya toni.

Mzee alinakili saketi maarufu sana, ile yenye vitufe vitatu vya kuzungusha: besi, sauti ya kati na trebo. Ilienea kupitia Fender Bassman ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo tayari kuna kichekesho, maana kama jina lake linavyosema, Bassman ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi. Wapiga gitaa la kawaida waliipenda, wakaichukua.

Jambo la kwanza ambalo wengi hatuambiwi: vitufe hivi haviongezi kitu. Saketi nzima ni rezista na kapasita tu, haina cha kukuza sauti. Ukizungusha besi hadi mwisho, hujaongeza besi. Umepunguza kuikata, basi. Na sauti za kati, hasa zile za karibu na Hz 500, ndizo zinazokatwa kuliko zote.

Sasa gitaa linaishi wapi? Waya mnene kabisa, ukiwa wazi, hutoa Hz 82. Waya mwembamba hutoa Hz 330, na ukiubana kwenye kituo cha 12 unapata Hz 659. Gitaa la solo, lile linalopanda juu juu na kujibizana na waimbaji, linatembea humo humo kwenye shimo. Waimbaji nao wako eneo hilo hilo. Yaani tumelinyima gitaa sauti yake, halafu tukalipeleka kushindana na watu 20 kwenye kipande hicho hicho cha masafa. Lazima lishindwe.

Tufanye hesabu kidogo, haina ugumu. Tuweke besi na trebo sifuri, kitufe cha kati mwisho. Hapo saketi inakuwa kama rezista mbili zinazogawana volti: omu 56,000 njiani na omu 25,000 kwenda ardhi. Gawa 25,000 kwa 81,000, unapata 0.31. Theluthi moja tu ya volti inapita, na huo ndio mpangilio wenye huruma zaidi kwa sauti za kati.

Kwa mzee hali ni mbaya zaidi. Kwenye Bassman, saketi ya toni inaendeshwa kutoka kathodi ya valvu, ambako ukinzani wa ndani ni mdogo mno. Kazi hiyo inahitaji nusu nzima ya ECC83. Mzee alikuwa na valvu moja tu ya aina hiyo, akaruka hatua hiyo na kuchukua sauti moja kwa moja kwenye anodi. Anodi ya ECC83 yenye rezista ya omu 100,000 ina ukinzani wa ndani wa karibu omu 38,000. Ujumlishe kwenye hesabu yetu: 25,000 kwa 119,000. Imebaki moja ya tano.

Simlaumu kwa kunakili. Mwaka 1962, kwenye duka la Jim Marshall huko Hanwell, London, mafundi walichukua Bassman hiyo hiyo na kutengeneza amplifaya ya kwanza ya Marshall. Lakini hawakuishia hapo. Walitumia valvu na spika zilizopatikana Uingereza, wakasikiliza, na baadaye rezista ya omu 56,000 ikashushwa hadi 33,000, na kapasita ya trebo ikapandishwa kutoka pikofaradi 250 hadi 500. Ndiyo sababu Marshall haisikiki kama Fender. Sisi tunachukua mchoro pamoja na namba zake kana kwamba ni maandiko matakatifu.

Spika nayo ina maneno yake. Spika ya gitaa yenyewe huanza kunyamaza ukishapita karibu Hz 5,000. Boksi la kwaya lina twita, halinyamazi. Kwa hiyo trebo ikiwa juu unasikia mkwaruzo wa kucha kwenye waya, kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria, lakini noti yenyewe huisikii.

Nilimuuliza mzee kwa nini hakuligundua hili mapema. Akacheka: "Dokta, nyumbani ilikuwa inalia vizuri!" Na ni kweli kabisa. Gitaa likiwa peke yake, besi nzito na trebo kali vinavutia sikio, shimo la katikati hulioni. Kosa linajificha kwa sababu tunapima chombo mahali ambapo hakitatumika.

Basi tukafanya jaribio. Tulizima, tukachomoa plagi, tukasubiri, tukamaliza chaji ya kapasita kubwa na kupima hadi sifuri. Usiruke hatua hii: ndani mna volti zaidi ya 200 na zinabaki hata umeme ukiwa umechomolewa. Kisha mzee akafungua waya mmoja tu, ule unaopeleka saketi ya toni ardhini. Bila ardhi, saketi haina pa kumwaga sauti. Kwaya ikaimba wimbo ule ule. Gitaa likatoka, bila kugusa sauti wala kununua chochote. Mama mmoja wa safu ya nyuma akageuka kutazama nani kaingia.

Vitufe havifanyi kazi tena hivyo, kwa hiyo hilo ni jaribio tu, siyo tiba. Tiba ninayopendekeza ni kurudisha waya na kubadilisha kitufe cha kati cha omu 25,000 kiwe cha 100,000. Rudia hesabu: 100,000 kwa 194,000, zaidi ya nusu ya volti inapita. Ni kifaa kimoja, na kazi yake haizidi nusu saa.

Mzee ana ndoto ya gitaa lisikike kama enzi za Morogoro Jazz, bendi ya mkoa wetu aliyoing'arisha Mbaraka Mwinshehe. Sikiliza zile rekodi kwa makini. Besi si nzito, trebo si kali, lakini kila noti ya solo unaweza kuihesabu. Iko katikati. Ukinakili, nakili na sikio.

Nilipoondoka alikuwa anatafuta kitufe cha omu 100,000 kwenye mkebe wa vyuma chakavu, na mweka hazina wa kwaya amekaa kando yake, daftari la michango bado limefungwa.