Fundi na Weusi wa Kioo

Mwuzaji akitaka kukusifia laptopu, atakuwekea picha ya kasuku au ya maua na kupandisha mwangaza hadi mwisho. Hapo kila kioo hupendeza. Fundi mmoja wa Kariakoo, ambaye kazi yake nimeitazama mara nyingi bila kuichoka, hana haja na kasuku. Hufungua picha moja nyeusi tii, isiyo na herufi wala mshale, akaitanua ijaze kioo kizima, kisha akazima taa ya kibanda na kushusha pazia la mlangoni. Kioo kikifaulu hapo, mengine atayapima kwa dakika chache tu.

Anaanza na nyeusi kwa sababu ndiyo rangi ngumu kuliko zote kwa kioo cha namna hii. Laptopu nyingi bado zinatumia vioo vya fuwele miminika, na vioo hivyo havizimi mwanga wao. Nyuma yake kuna taa ndogondogo za LED, aghalabu zimepangwa mstari mmoja kwenye ukingo wa chini, nazo zinawaka muda wote, iwe unaandika barua kwenye ukurasa mweupe au unatazama filamu ya mambo ya usiku. Mwanga huingia ubavuni mwa bamba la plastiki angavu lenye vidoa vidogo: karibu na taa vidoa ni haba, mbali na taa vimesongamana, ili mwanga utoke kwa usawa kotekote. Juu ya bamba zimelazwa karatasi za kuusambaza na kuuelekeza mbele. Kisha vinafuata vioo viwili vyembamba ambavyo katikati yake kuna tabaka la fuwele lenye unene wa mikromita 3 au 4 hivi. Mbele na nyuma ya vioo hivyo kuna filamu za polaraiza zilizowekwa kwa mielekeo inayokingamana, kiasi kwamba mwanga uliopita ya nyuma hukwama kwenye ya mbele mpaka fuwele ziugeuze njiani. Panapotakiwa nyeusi, fuwele haziugeuzi, na mwanga unakwama.

Haukwami wote. Kioo kizuri cha IPS, mojawapo ya aina za vioo hivi, chenye uwiano wa nyeupe kwa nyeusi wa 1000 kwa 1, kikiwa na weupe wa niti 300, bado kinapenyeza niti 0.3 penye nyeusi. Mchana huwezi kuziona. Usiku, taa zikizimwa, utaona kijivu chepesi kimetanda kioo kizima, na hiyo ndiyo tabia ya vioo hivi, hata vile vya bei kubwa. Anachotafuta fundi ni mahali ambapo kijivu hicho kimezidi: kona iliyopauka, wingu katikati, mstari wa nuru unaochungulia chini ya fremu.

Siku niliyomwona akifanya kazi yake kwa utulivu mkubwa kuliko zote, alikuwa na mteja kijana anayesomea upigaji picha. Alikuwa amenunua laptopu ya mtumba ya inchi 14, na usiku wa kwanza tu akakuta pembe za kioo zinawaka. Alikuja na ushahidi kwenye simu.

"Fundi, ona kona inavyowaka moto. Nimeuziwa kibovu?"

"Simu iweke mezani, dada. Tuache macho yazoee giza kwanza."

Picha ya simu hakuitazama kabisa, na nadhani alifanya vyema. Kamera ya simu ikikuta giza hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi na kuupandisha, hivyo ukungu mdogo ambao jicho lingeupuuza hutoka kwenye picha kama mwako wa jiko. Watu wengi wamerudisha laptopu nzima dukani kwa ushahidi wa namna hiyo. Fundi aliwasha laptopu, akaweka mwangaza wa kati, ule ambao mteja mwenyewe huutumia, akaiacha ipate joto. Mwangaza wa kioo kilichowashwa sasa hivi bado haujatulia, na hata wanaopima rangi kwa vifaa hukiacha kiwake nusu saa hivi kabla ya kuanza. Wakakaa gizani wakizungumza mambo ya kamera. Kwangu subira ile ni nusu ya ufundi wake. Sisi tunaonunua huwa tumekwisha kuhukumu kabla hata ya kuketi.

Kisha akamwambia yule dada avute kiti nyuma, hatua moja, halafu nyingine. Kona ya chini kulia, iliyokuwa na mng'ao wa kifedha, ikaanza kufifia. Akamwambia ainame mpaka uso wake uelekeane na kona ile moja kwa moja, na mng'ao ukatoweka. Ya juu kushoto haikujali alikokaa. Alisogea, aliinama, alisimama, nayo ikabaki vilevile, ya manjano kidogo, upana wa vidole viwili.

"Ya kulia ni mng'ao wa IPS, kioo kimezaliwa nao. Ya kushoto ndiyo inayovuja."

Nimesoma maelezo marefu ya jambo hili ambayo hayakunifungulia macho kama hatua zile mbili za kiti. Fuwele na filamu za polaraiza huzuia mwanga vizuri zaidi ukizitazama moja kwa moja. Ukikaa karibu, jicho linaielekea katikati ya kioo ana kwa ana lakini pembe linaziona kwa mshazari, na kwa mshazari mwanga unapenya. Ukirudi nyuma, mshazari unapungua. Mwanga unaovuja una sababu nyingine kabisa, kwa hiyo hauhami na kichwa chako. Gizani hali hizi mbili zinafanana kama pacha, ila moja haina dawa na nyingine huenda ikapona kwa bisibisi. Mtu asiyeweza kuzitenganisha atafungua kioo kizima ambacho hakikuwa na tatizo.

Mwanga huvuja hasa kwa mkazo. Kioo kikibanwa sehemu moja, mkazo ule hubadili namna kinavyopitisha mwanga: mwelekeo uliokwisha kupangwa na filamu ya nyuma unageuka kidogo, na filamu ya mbele inashindwa kuuzuia. Mkazo wenyewe unaweza kutoka popote. Skrubu iliyokazwa kupita kiasi, fremu iliyopinda, bawaba nzito inayovuta upande mmoja, utepe wa gundi uliofinyangana nyuma ya kioo. Laptopu iliyosongwa ndani ya begi kwenye daladala, chaja ikiwa juu ya mfuniko, inajifunza kupinda polepole. Hata mazoea ya kufungua mfuniko kwa kuvuta kona moja yana sehemu yake. Kama mwanga ungekuwa unatoka chini, kwenye mstari wa taa, fundi angeshuku kwanza pengo la fremu. Huu ulikuwa juu, mbali na taa, basi akashuku mkazo.

Akazima mashine, akachomoa chaja, akafungua mfuniko wa chini na kuchomoa waya wa betri kutoka ubao mama. Hatua hii hairuki hata akiwa na foleni, kwa kuwa waya wa kioo unabeba umeme wa taa, na ukiuchezea ukiwa na moto unaweza kuunguza fyuzi ndogo usiyoiona bila lenzi. Akachukua kipande cha kadi ya plastiki, akakipenyeza kwenye ukingo wa ndani wa fremu, akakitembeza. Vishikizo vikaachia kimoja kimoja. Hakuvuta, alisubiri kila kimoja kiachie ndipo aendelee. Fremu ilipotoka ikaonekana skrubu ya juu kushoto imezamishwa na mtu mwingine kabla yake, mpaka sikio la chuma la kioo likajikunja. Nyuma ya kona hiyohiyo palikuwa na donge la utepe wa zamani wa pande mbili.

Kabla ya kugusa lolote alikilaza kioo kifudifudi kwenye kitambaa laini, akasoma lebo ya mgongoni. Lebo hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kioo, na kumwona mtu anayeisoma bila kusita ni raha. Herufi LP mwanzoni, mathalani, humwonyesha LG Display. NV humwonyesha BOE. B ikifuatwa na tarakimu, AU Optronics. Namba 140 ni inchi 14.0. LP140WH ni kioo cha pikseli 1366 kwa 768, LP140WF ni cha 1920 kwa 1080. B140XTN ni TN, teknolojia iliyotokana na kazi ya Martin Schadt na Wolfgang Helfrich huko Basel, Uswisi, mwaka 1970: nafuu na nyepesi, lakini ukiitazama kwa chini rangi zinageuka. B140HAN ni ya jamii ya IPS, ambayo Hitachi ya Japani iliifikisha sokoni mwaka 1996, na rangi zake hustahimili kutazamwa kwa pembe. Laptopu mbili za toleo moja, zilizotoka kiwandani na jina lilelile mgongoni, huweza kuwa na vioo vya kampuni tofauti. Ndiyo maana rafiki yako akisifia ya kwake haikusaidii sana. Cha yule dada kilianza na B140HAN, na fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Alibandua donge la utepe kwa ukucha. Sikio la chuma alilinyoosha kwa koleo ndogo, akilishika kwa upande wa pili ili nguvu isifike kwenye kioo. Akakirudisha mahali pake na kurudisha skrubu nne kwa mshazari: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto. Raundi ya kwanza ziliguswa tu. Raundi ya pili zikapata kiasi kidogo cha kukaza, sawa kwa zote, kama mtu anayewamba ngoma na kuogopa kuivuta upande. Fremu hakuirudisha. Aliunganisha betri, akafungua picha nyeusi, akashusha pazia tena.

Kona ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Nikadhani angefungua tena amalizie, lakini aliiegemeza ukutani, kioo kikiwaka, akaendelea na kazi ya mtu mwingine, maana kioo kilichobanwa kwa miezi hakirudi mara moja. Aliporudi kukitazama ulikuwa umebaki uzi mwembamba wa nuru ukingoni. Mteja akauliza kama hauwezi kuondoka kabisa, na akataja ushauri aliousikia wa kusugua kona kwa kitambaa na kidole gumba. Fundi alikataa. Ukisukuma kwa kidole unaweza kuzihamisha karatasi za ndani, nazo zikihama huacha doa jeupe litakaloonekana mchana kweupe kwenye kila ukurasa utakaoufungua. Uzi ule hauonekani ila kwenye nyeusi, gizani. Kuna mafundi wenye mikono myepesi kuliko yake, nina hakika, lakini sijaona anayejua vizuri hivi mahali pa kuishia.

Vipimo vingine vilikwenda haraka. Nyekundu, kijani, buluu na nyeupe, kila moja kioo kizima, kutafuta nukta iliyokufa; kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600, kila moja ina vipande vitatu, na jicho lililozoea hulinasa doa bila kuhesabu. Kijivu kwa ajili ya mawingu. Mteremko wa rangi kutoka nyeusi hadi nyeupe, kuona kama unashuka laini au kwa ngazi: kioo cha biti 6 kina vivuli 64 kwa kila rangi, cha biti 8 kina 256, na kwenye picha ya anga la jioni tofauti hiyo inaonekana. Mwisho akashusha mwangaza na kukielekezea kamera ya simu atafute mistari inayotembea, dalili ya taa zinazowaka na kuzima kwa kasi. Safari hii simu ilifaa.

Kwa mpiga picha jambo zito zaidi lilikuwa rangi. Vioo vingi vya bei nafuu hufikia asilimia 45 tu ya eneo la rangi la NTSC, wakati sRGB, ambayo ndiyo kipimo cha picha nyingi za mtandaoni, inakaribia asilimia 72. Kwenye kioo cha asilimia 45 nyekundu ya kanga inachujuka, na anayehariri ataiongeza mpaka ipige kelele kwenye vioo vya wengine. Fundi alitafuta karatasi ya vipimo kwa namba nzima ya lebo na kumwonyesha mteja mwenyewe asome.

Wapo wanaosema ufundi huu umebakiza miaka michache tu kwa sababu ya vioo vya OLED. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walichapisha kazi yao ya OLED mwaka 1987, na leo laptopu za aina hiyo zipo madukani: kila pikseli inawaka yenyewe, nyeusi ni pikseli iliyozimwa, na hakuna taa ya nyuma ya kuvuja. Ila pikseli hizo huchakaa, na picha iliyokaa muda mrefu mahali pamoja inaweza kuacha alama. Kwa hiyo wanunuzi wa mtumba watahitaji mtu wa kukagua kijivu kwa makini kama huyu anavyokagua nyeusi, na ya kasuku bado hayatawasaidia.

Fremu ilirudishwa, vishikizo vikaitikia. Fundi alimpa maelekezo akiwa anafuta alama za vidole: mfuniko ufunguliwe kwa kushika katikati, chaja isikae juu yake ndani ya begi. Usiku awashe taa ndogo nyuma ya laptopu imulike ukuta, na mwangaza wa kioo aushushe, maana mwanga unaovuja hupungua pamoja nao. Picha zenye giza azihariri katikati ya kioo, uso ukikielekea moja kwa moja, na pembe aziachie vifungo vya programu.