Mji na Pindo: Jezi ya Taifa Stars Mbele ya Macho ya Tabora

Bendera ya Tanzania haimhurumii mbunifu wa jezi. Ina rangi nne, na tatu kati ya hizo, yaani kijani, nyeusi na bluu, zikishaingia kwenye kitambaa cha kuchezea mpira hukolezwa hadi zikawa na uzito unaokaribiana. Yenye mwanga hubaki njano peke yake. Ukizitandaza zote nne kifuani mwa mchezaji mmoja kisha ukarudi nyuma hadi jukwaa la mwisho, unachokiona ni kitu cheusicheusi chenye michirizi ya njano. Kila jezi mpya ya Taifa Stars, timu ya taifa ya soka, inapotoka, watu hubishana kama bluu imependeza, kama kijani kimesahauliwa, kama mlima uchorwe au twiga. Wachache huuliza swali la fundi: rangi hizi zimegawanywa kwa kiasi gani, na ipi imepewa kazi gani?

Waliobuni bendera walilijibu swali hilo mapema. Bendera ya Tanganyika ya Desemba 1961 ilikuwa na kijani juu na chini, nyeusi katikati, na mistari miwili myembamba ya njano. Baada ya Muungano wa Aprili 1964, bluu ya Zanzibar ikachukua nafasi ya kijani cha chini, na mkanda mweusi ukalazwa hanamu. Njano ikabaki ilipokuwa, katikati ya nyeusi na majirani zake. Shuleni tulifundishwa kwamba njano ni madini, na ni sawa. Lakini ina kazi nyingine: inaizuia nyeusi isizame ndani ya kijani upande mmoja na ndani ya bluu upande wa pili. Iondoe, na mkanda haukatiki wazi kwa mbali.

Kazi hiyo ya ukingo ina historia ndefu katika nguo zetu, na mahali pazuri pa kuitazamia ni Tabora. Katika karne ya 19, Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilikuwa njiapanda ya misafara ya Bagamoyo, Ujiji na nchi za ziwa la kaskazini, na nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia hiyo. Merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, na kaniki ya bluu nzito kutoka India zilipimwa kwa mikono: minne ni shuka, minane ni doti. Juu ya hizo zilikuwepo nguo za heshima zenye mistari na taraza za ukingoni, kama debwani, sohari na barsati. Mtemi hakulipwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kitambaa chochote kile ilimradi ni kitambaa. Watu walijua wanachokitaka, na mitindo ilibadilika kabla mfanyabiashara wa Zanzibar hajamaliza shehena ya mtindo uliopita.

Rangi ilikuwa na bei. Msafiri Henry Stanley, alipokuwa akijiandaa Zanzibar kwa safari yake ya 1871, ilimbidi kwanza asomeshwe habari za shanga. Aliambiwa kwamba shanga nyeusi ni fedha Ugogo na kwingine hazina thamani, na kwamba nyeupe zinapokelewa Ufipa lakini zinadharauliwa Ukonongo. Msafara uliokosea rangi ulikuwa umewabebesha wapagazi kwa miezi kadhaa mzigo usionunua hata unga. Wabunifu wetu wa leo hawajawahi kukutana na mteja mkali kiasi hicho, na pengine ndiyo sababu wanalegea.

Itazame barsati. Msafiri Richard Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya zamani, Novemba 1857, aliieleza kuwa nguo ya pamba ya bluu nzito yenye mstari mmoja mpana mwekundu uliochukua robo ya upana wake. Robo tatu kwa robo. Rangi mbili tu, na hazigombani kwa sababu moja ni bwana na nyingine ni mgeni wa heshima. Nguo iliyopangwa hivyo ilitambulika kabla mvaaji hajafika karibu. Kwa kigezo hicho cha robo tatu kwa robo, jezi nyingi za timu za taifa za Afrika Mashariki zinaanguka kwenye mtihani: kifua kina rangi moja, mabega nyingine, mikono ya tatu, mbavu ya nne, na hakuna rangi inayotawala.

Mtu mwingine wa kutufundisha hapa ni kirangozi, kiongozi wa mbele wa msafara. Burton anasema alivaa joho jekundu, kipande chembamba cha urefu wa futi kama sita chenye tundu la kupitishia kichwa, na kichwani aliweka ngozi ya mbega, nyeusi kwa nyeupe. Juu yake ilipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Sioni pambo tupu hapo. Msafara ulikwenda mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba ya pori la miyombo, na mpagazi wa mbali alihitaji kujua mbele ni wapi. Nyekundu dhidi ya kijani na kahawia ya pori ilimpa jibu, na weupe wa mbega ukaongeza alama kichwani. (Kasoro moja ipo: kabla ya mvua, miyombo yenyewe huchipua majani mekundu, na kwa wiki chache kirangozi alishindana na miti.) Joho lile lilikuwa jezi ya namba moja kwa maana kamili: rangi moja kubwa, alama moja yenye mwanga, na umbali uliozingatiwa tangu mwanzo.

Umbali ndio unaosahaulika sasa, na teknolojia ina mkono katika usahaulifu huo. Jezi nyingi za leo ni poliesta nyeupe iliyochapwa kwa joto. Mchoro mzima huchapwa kwanza kwenye karatasi, karatasi inakandamizwa juu ya kitambaa kwa joto la nyuzi kama 200 za Selsiasi, wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi. Kwa njia hii rangi kumi zina gharama ileile ya rangi mbili. Zamani kila rangi ya ziada ilimaanisha kitambaa kingine, mshono mwingine na fedha nyingine, kwa hiyo uchumi wenyewe ulimzuia fundi asizidishe. Kizuizi hicho kimeondoka. Mbunifu anakaa mbele ya kompyuta, anaukuza mchoro hadi ujae kioo, anaweka kivuli cha mlima, mistari ya maji, nakshi ya mlango wa Zanzibar, anaridhika. Uwanjani vyote hivyo vinageuka ukungu.

Na wengi hatuioni timu uwanjani. Shabiki wa Tabora anaiangalia Taifa Stars kwenye televisheni ya nyumbani au kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea mpira, amekaa kwenye benchi la nyuma, kioo kidogo, mwanga wa mchana ukipenya kwenye turubai. Hapo mchezaji mzima ana ukubwa wa kidole. Kinachomfikia shabiki huyo ni mambo matatu: rangi inayotawala shati, tofauti kati ya shati na bukta, na namba mgongoni. Kanuni za vifaa za FIFA zinataka namba ya mgongoni iwe na urefu wa sentimita 25 hadi 35, lakini urefu hausaidii kitu ikiwa namba ni nyeusi juu ya bluu nzito.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe. Kwa miaka mingi ya karibuni bluu ndiyo imekuwa sura ya Taifa Stars, na wapo wanaonung'unika kwamba kijani ndicho kinachochukua pembe nzima ya juu ya bendera, hivyo kilistahili shati. Naiona bluu kuwa chaguo sahihi, kwa sababu mbili zisizohusiana.

Ya kwanza ni ya macho. Kijani juu ya nyasi hupoteza ukingo wa mwili. Kiungo anayetoa pasi bila kuinua kichwa humtafuta mwenzake kwa pembe ya jicho, na pembe ya jicho haioni sura, inaona umbo linalosogea likitofautiana na kilicho nyuma yake. Nigeria na Kameruni wanavaa kijani na wametwaa vikombe, kwa hiyo simwambii mtu kwamba kijani kinafungisha mabao. Lakini chukua mechi yetu na Kenya, wenye jezi nyekundu. Wapo watu, wanaume zaidi, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwao mechi ya kijani dhidi ya nyekundu ni timu moja ya watu ishirini na wawili. Bluu dhidi ya nyekundu wanaiona.

Sababu ya pili ni ya mtaani. Kijani, njano na nyeusi zote zimo katika bendera, na zote ni za klabu ya Yanga. Mahasimu wao Simba, Wekundu wa Msimbazi, hawana rangi hata moja ndani ya bendera ya nchi yao: nyekundu haimo, nyeupe haimo. Kijani na njano pia ni sare ya chama tawala. Katika nchi ambayo Yanga iliwahi kukataa nembo nyekundu ya mdhamini wa ligi isikae kwenye jezi yake, usitarajie shabiki wa Simba anunue kwa hiari shati la kijani lenye kola ya njano, hata likiandikwa Tanzania kwa herufi za dhahabu. Bluu ndiyo rangi pekee ya bendera isiyo na mwenyewe kati ya wale wawili. Klabu ya Azam nayo inavaa bluu, ila ushabiki wa Azam haujafika kugawanya nyumba.

Tatizo linabaki kwa rangi nyingine tatu: zikae wapi? Wabrazili walikutana na mtihani huohuo. Baada ya kufungwa na Uruguay uwanjani Maracanã katika Kombe la Dunia la mwaka 1950 wakiwa wamevaa nyeupe, gazeti la Correio da Manhã liliitisha mashindano ya jezi mpya mwaka 1953, sharti likiwa kutumia rangi zote nne za bendera. Mshindi alikuwa kijana wa miaka 19, Aldyr Garcia Schlee, kutoka mji wa mpakani na Uruguay, ambaye moyoni, inachekesha kusema, alikuwa shabiki wa Uruguay. Hakuzirundika rangi nne kwenye shati. Shati akalipa njano, bukta bluu, soksi nyeupe, na kijani akakiweka kwenye kola na ncha za mikono. Kila vazi lina rangi moja inayotawala, na rangi iliyobaki imekuwa ukingo. Dunia nzima inaijua jezi hiyo.

Mwanamke yeyote wa Tabora au Ujiji anayechagua kanga dukani anaujua mpango huo bila kumsikia Schlee. Kanga ina mji, yaani uwanja wa katikati, ina pindo linaloizunguka, na jina, yaani maandishi yake. Mji ukijaa mpaka ukameza pindo, kanga inarudishwa rafuni. Jezi isomwe vilevile. Shati la Taifa Stars liwe mji wa bluu, bila vivuli. Pindo liwe kijani chembamba kwenye kola na mikononi, kikitenganishwa na bluu kwa uzi wa njano kama bendera inavyofanya. Bukta iwe nyeusi. Soksi ziwe za njano, kwa sababu mwamuzi wa pembeni anatazama miguu, na soksi za kijani juu ya nyasi zinamtatiza kazi yake. Namba na jina viwe vya njano, vinene, bila mchoro ndani ya tarakimu. Rangi zote nne zimo, na hakuna inayomkanyaga mwenzake.

Jezi ya pili ina ugumu zaidi, kwani timu inahitaji moja ya giza na moja yenye mwanga. Nyeupe ni njia rahisi, haiudhi mtu, na haisemi chochote kuhusu Tanzania. Ningechagua njano tupu yenye namba nyeusi na kola ya bluu. Najua Msimbazi watapiga kelele. Nyeusi juu ya njano inasomeka kwa mbali kuliko karibu jozi yoyote ya rangi, ndiyo maana alama za tahadhari barabarani hupenda jozi hiyo, na ugenini, mbele ya kamera za wenyeji, kuonekana ndilo jambo la kwanza.

Kuna bluu moja pia ya kuamua. Ile ya bendera iko karibu na anga. Za jezi zimekuwa zikihama kati ya anga na wino, na za feki sokoni zina bluu ya kila fundi. TFF, shirikisho la soka nchini, iandike namba rasmi ya bluu moja katika mkataba wa mtengenezaji, iitangaze hadharani, na kabla ya kuidhinishwa, sampuli ivalishwe mchezaji, ipigwe picha ya televisheni, na itazamwe na watu wa benchi la nyuma, Tabora, Kigoma au Nzega, waseme wao kama namba inasomeka.